Mwisho wa Neno: Viambishi Tamati vya Kiingereza Katika Madarasa ya Singida

"Evaporation", "condensation", "precipitation", "irrigation", "deforestation". Mwanafunzi wa sekondari huko Kiomboi, Ikungi au Itigi hukutana na maneno haya katika somo la Jiografia, akayaandika daftarini moja baada ya jingine, kila moja na maana yake ya Kiswahili pembeni, kisha akayakariri. Akimaliza ana maneno matano. Mara nyingi haambiwi kwamba yote matano yanaishia kwa kipande kimoja, kwamba kipande hicho kina kazi maalumu, na kwamba anayeijua kazi hiyo anaweza kuyakaribia maneno mengine mamia bila kuomba msaada wa kamusi kwa kila moja.

Vipande vya namna hiyo ndivyo viambishi tamati. Hubandikwa mwishoni mwa mzizi au shina, na neno likatoka na sura mpya, wakati mwingine na maana mpya, na mara nyingi likahama kabisa kutoka aina moja ya neno kwenda nyingine: kitenzi kikawa nomino, nomino ikawa kivumishi, kivumishi kikawa kielezi.

Inasemwa kwa wepesi kwamba viambishi hivi ni vigumu kwa sababu ni vigeni. Sivyo. Mtoto aliyekulia Singida anatumia viambishi kabla hajajua kusoma, na anavitumia vingi kuliko mtoto wa Uingereza. Ugumu unatoka kwingine. Kwanza, Kiingereza kimeweka mwishoni mwa neno kazi nyingi ambazo Kiswahili kinaziweka mwanzoni. Pili, viambishi vya Kiingereza vimekusanywa kutoka lugha zaidi ya moja, na kila kimoja kimekuja na tabia za kwao. Mambo hayo mawili yakielezwa, sehemu kubwa ya yale yanayokaririwa huanza kueleweka.

Mkoa wa lugha nyingi

Singida iko mahali ambapo koo za lugha zisizo na undugu zinapakana kwa karibu kuliko sehemu nyingi za Afrika. Kinyaturu, ambacho wenyewe hukiita Kirimi, pamoja na Kinyiramba na Kinyisanzu cha Mkalama, ni lugha za Kibantu. Malcolm Guthrie alipozipanga lugha za Kibantu kwa kanda, Kinyaturu na Kinyiramba aliviweka katika kanda F, pamoja na Kisukuma na Kinyamwezi. Kusini kuna Kigogo huko Manyoni na Kikimbu upande wa Itigi. Wafugaji wa Kitaturu na Kibarbaig wanazungumza Kidatooga, ambacho ni cha Kiniloti. Kaskazini, kuelekea Ziwa Eyasi, wapo Wahadzabe, na lugha yao yenye vidoko haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote duniani. Ukivuka mpaka kwenda Mbulu unakikuta Kiiraqw, cha Kikushi.

Lugha hizi hazikubaliani kuhusu mahali pa kuweka alama. Lugha za Kibantu huonyesha umoja na wingi wa nomino mwanzoni: mtu, watu, kiti, viti. Kidatooga na Kihadza huonyesha idadi mwishoni. Jina Wahadzabe lenyewe ni ushahidi: "-be" ya mwisho ni alama ya wingi katika Kihadza, na "wa-" ya mwanzo ni alama ya wingi katika Kiswahili. Neno moja limebeba wingi mara mbili, kila lugha ikiuweka pale ilipozoea. Katika jambo hili Kiingereza, chenye "-s" yake ya mwishoni, kiko upande wa Kihadza. Mtoto wa Mkalama anayezungumza Kihadza nyumbani anakuja darasani akiwa tayari anajua kwamba wingi unaweza kukaa mwisho wa nomino.

Kwenye vitenzi mambo yanageuka. Hapo Wabantu ndio mabingwa wa viambishi tamati. Kutoka "lima" tunapata limia, limisha, limika, limwa, na kila kauli ina kazi yake. Kutoka "soma" tunafika hadi someshana bila jasho. Mfumo huo umo katika Kinyaturu na Kinyiramba pia, kwa kuwa ni urithi wa lugha za Kibantu kwa jumla. Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri, aliuchambua mfumo wa sauti na wa maumbo ya maneno ya Kirimi katika kitabu kilichotoka mwaka 1964. Kwa hiyo mtoto wa Kinyaturu anaufahamu mwisho wa kitenzi kama mahali pa kazi. Kinachomgomea ni nomino na kivumishi, kwa sababu katika lugha zake mbili za mwanzo huko ndiko kichwa cha neno kinakotawala.

Vinane vya sarufi

Viambishi tamati vya Kiingereza ni vya makundi mawili. Kundi la kwanza halizai neno jipya. Linarekebisha lile lililopo lifuate sarufi. Ni vinane tu: "-s" ya wingi, "-'s" ya umiliki, "-s" ya kitenzi cha nafsi ya tatu umoja, "-ed" ya wakati uliopita, "-en" au "-ed" ya kitendo kilichokamilika, "-ing" ya kitendo kinachoendelea, na "-er" na "-est" za kulinganisha. "Farms" bado ni "farm", na "planted" bado ni "plant".

Kwa uchache wake, kundi hili lingepaswa kuwa jepesi. Hata hivyo daftari za wanafunzi zimejaa "the boys plays" na "he go". Kosa la kwanza lina mantiki nzuri kuliko linavyoonekana. Katika Kiswahili, wavulana wanacheza: alama ya wingi ikionekana kwenye nomino, kitenzi nacho huipokea. Mwanafunzi anayebandika "-s" kwenye "boys" na tena kwenye "plays" anatekeleza upatanisho wa ngeli kwa uaminifu. Hajaelezwa kwamba katika Kiingereza "-s" hizo mbili zinakwenda kinyume: kwenye nomino ni ya wingi, kwenye kitenzi ni ya umoja. Ya kitenzi ni salio la mfumo wa zamani uliokuwa na alama kwa kila nafsi, nyingi zikafa, hii ikabaki peke yake. Na kosa la pili linatoka hapohapo, kwani nafsi ya tatu kwetu huonyeshwa na "a-" ya mwanzoni. Kalamu nyekundu huonyesha kwamba kuna kosa. Maelezo ya sentensi mbili yangeonyesha limetoka wapi.

Kutoka taifa hadi utaifishaji

Kundi la pili ndilo linalozaa maneno, na ndilo lenye utajiri. Tarehe 5 Februari 1967 Azimio la Arusha lilitangazwa, na kesho yake benki zikataifishwa. Mwanafunzi wa Historia husoma tukio hilo chini ya neno refu, "nationalization", na wengi hulikwepa kwa urefu wake. Lakini neno hilo limejengwa kwa hatua ambazo Mswahili yeyote amekwisha kuzipita.

"Nation" ni taifa. Ukiongeza "-al" unapata "national", yaani -a kitaifa. Ukiongeza "-ize" unapata "nationalize", yaani taifisha. Ukiongeza "-ation" unapata "nationalization", yaani utaifishaji. Maneno ni manne huku na manne kule. Tofauti ni kwamba Kiingereza kinaongeza upande mmoja tu, wakati Kiswahili kinajenga pande zote mbili: "ki-" mwanzoni, kisha "-isha" mwishoni, kisha "u-" mwanzoni na "-ji" mwishoni kwa mpigo.

Hapa ndipo inapotoka kanuni yenye faida kuliko zote: katika Kiingereza, kiambishi cha mwisho kabisa ndicho kinachoamua aina ya neno. Hata neno liwe refu namna gani, likiishia na "-ation" ni nomino. Likiishia na "-ize" ni kitenzi. Likiishia na "-al", kwa kawaida, ni kivumishi. Kiswahili kinatangaza mambo hayo mapema. Msomaji, usomaji, kisomo, kusoma: silabi ya kwanza imekwisha kukuambia kama ni mtu, dhana, kitu au kitendo. "Reader", "reading" na "readable" havikuambii hadi ufike mwisho. Mwanafunzi aliyezoea kulitambua neno kwa mwanzo wake inabidi aelekezwe waziwazi kutazama upande wa pili.

Tofauti hiyo inaonekana vizuri katika msamiati wa siasa. Kiingereza kinasema "socialist" kwa mtu na "socialism" kwa itikadi, kikibadilisha mwisho. Kiswahili kinasema mjamaa na ujamaa, kikibadilisha mwanzo. Bepari na ubepari ni vilevile. Na tulipochukua mkomunisti na ukomunisti, tulilimeza neno pamoja na "-isti" yake, kisha tukalivisha "m-" na "u-" juu yake, kana kwamba mwisho ule haukuwa na kazi yoyote.

Hilo ni jambo la kawaida katika maneno ya mkopo. Dereva, meneja, trekta, kompyuta, jenereta na kontena yote yameingia Kiswahilini yakiwa na "-er" au "-or" ya Kiingereza iliyogeuka "-a". Stesheni na operesheni yamekuja na "-tion". Kamati, kamisheni na kamishna ni watoto wa kitenzi kimoja cha Kilatini, lakini kwetu wanaishi kama majirani wasiojuana. Mwalimu anayetaka mifano ya kuanzia hahitaji kwenda mbali: mwanafunzi anayo kinywani.

Sasa tutazame ukubwa wa tatizo lenyewe. Kiswahili kina "u-" moja kwa majina ya hali na dhana: wema, utoto, urafiki, ufalme, ukweli, ujamaa. Mahali pa "u-" hiyo Kiingereza kina "-ness" katika "kindness", "-hood" katika "childhood", "-ship" katika "friendship", "-dom" katika "kingdom", "-ity" katika "reality" na "-ism" katika "socialism". Kwa mtenda kazi, badala ya "m-" kuna "-er" ya "farmer", "-or" ya "doctor", "-ist" ya "scientist", "-ian" ya "musician" na "-ant" ya "accountant". Kwa shughuli kuna "-tion", "-ment", "-ance", "-age" na "-ing". Kwa vivumishi kuna "-ful", "-less", "-ous", "-ic", "-ive", "-able" na "-y". Kwa vitenzi vya kusababisha, ambavyo Kiswahili huvimaliza kwa "-isha" na wenzake, kuna "-ize", "-ify" na "-en": "modernize", "purify", "strengthen". Kwa vielezi kuna "-ly", pale ambapo sisi tunasema kwa ushujaa au kishujaa. Viambishi ishirini na kitu hivyo vinabeba sehemu kubwa ya msamiati wa vitabu vya sekondari.

Asili mbili katika lugha moja

Mwanafunzi makini atauliza: kwa nini "kindness" na si "kindity"? Kwa nini "royalty" na si "royaldom", ilhali "kingdom" ipo? Jibu liko katika historia. "-ness", "-hood", "-ship", "-dom", "-ful", "-less" na "-ly" ni vya Kiingereza cha kale, chenye asili ya Kijerumani. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliitwaa Uingereza, na kwa karne kadhaa Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa na mahakama. Ndipo "-ment", "-age", "-able", "-ity", "-ous" na "-tion" vikaingia, vingi vikiwa na asili ya Kilatini. Baadaye wasomi walichota kutoka Kigiriki: "-logy", "-ist", "-ism", "-ize". Kwa kawaida mzizi wa kienyeji hupokea kiambishi cha kienyeji, na mzizi wa Kifaransa hupokea cha Kifaransa. Ndiyo maana "free" ina "freedom" lakini dhana ileile ina jina la pili, "liberty". Sisi tunazo zote mbili ndani ya uhuru. Kanuni hiyo haishiki kila mahali, kwani "-able" imekwisha kujibandika hata kwenye "eat" na "drink", lakini inaeleza mengi.

Hali hii si ngeni kwa Mswahili, kwani lugha yake nayo ina asili mbili. Vitenzi vya Kibantu hutoa mtenda kwa kubadili mwisho: linda, mlinzi, pika, mpishi, cheza, mchezaji. Vitenzi vya Kiarabu havibadiliki: safiri, msafiri, hubiri, mhubiri. Hakuna anayesema mhubirizi. Kitabu, katibu na maktaba vina mzizi mmoja wa Kiarabu, ila uhusiano wao hauonekani kwa kanuni za Kibantu. Mwalimu akianzia hapo, mwanafunzi ataona kwamba Kiingereza hakina uchawi. Ni lugha iliyopokea wageni wengi, kama yake.

Mfanano unakwenda mbali zaidi, hadi kwenye sauti. Kiambishi "-i" cha mtenda kinapokutana na konsonanti fulani za Kibantu, huzilainisha: "k" ya pika inakuwa "sh" ya mpishi, "t" ya fuata inakuwa "s" ya mfuasi, "d" ya linda inakuwa "z" ya mlinzi. Sasa sikiliza Kiingereza. "Electric" inaishia kwa sauti "k", lakini "electrician" ina "sh". "Permit" ina "t", lakini "permissive" ina "s". "Divide" na "erode" zina "d", lakini katika "division" na "erosion" sauti hiyo imelainika. Lugha hizi mbili hazina undugu, na mabadiliko hayo yalitokea kwa nyakati na njia tofauti. Lakini mara nyingi chanzo kinafanana: ulimi unapoinuka kuitamka "i", konsonanti iliyo mbele yake huvutwa. Mwanafunzi anayeona "erode" na "erosion" kama maneno mawili yasiyohusiana hana budi kukumbushwa kwamba hajawahi kuona pika na mpishi kuwa hivyo.

Mkazo nao huhama. Katika Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho karibu daima, kwa hiyo kila kiambishi tamati kinachoongeza silabi huusogeza. Katika Kiingereza, viambishi vya Kijerumani kama "-ness" na "-ful" huuacha palepale, ila "-ity", "-ic" na "-tion" huuvuta karibu navyo. "Economy" ina mkazo kwenye silabi ya pili. "Economic" kwenye ya tatu. Kwa mwanafunzi anayeisikia lugha hiyo darasani tu, kuhama huko kunatosha kumfanya asitambue kwamba maneno hayo ni ya familia moja.

Pale Kiswahili kinapofundisha Kiingereza

Baadhi ya makosa yanayodumu hadi chuo kikuu yanaweza kumalizwa kwa Kiswahili. La kwanza ni "I am boring", linalosemwa na mtu aliyekusudia kusema kwamba amechoshwa. Kiingereza kinatofautisha kwa "-ing" na "-ed": "tiring" na "tired", "surprising" na "surprised". Kiswahili kinatofautisha vilevile, kwa choka na chosha, shangaa na shangaza. Kinachochosha kinachukua "-ing"; aliyechoka anachukua "-ed". Mtoto wa miaka mitano hapa Singida hachanganyi choka na chosha. Akionyeshwa kwamba ni jambo lilelile, hatachanganya na hayo mengine.

La pili ni "-able". Tunasema maji yananyweka, barabara inapitika, shamba linalimika, mwandiko unasomeka. Hiyo "-ika" au "-eka" ndiyo "-able" ya Kiingereza: "drinkable", "passable", "readable". Hazilingani moja kwa moja, maana "-ika" pia hueleza hali iliyokwisha kutokea, kama katika kikombe kimevunjika. Lakini kwa kuanzia zinatosha.

La tatu linatoka shambani. Singida ni mkoa wa alizeti, na upande wa Manyoni na Itigi ni wa asali. Nyuki akitua juu ya ua la alizeti hubeba chavua. Kitendo ni kuchavusha, shughuli ni uchavushaji, na nyuki ni mchavushaji. Kitabu cha Biolojia kina "pollen", "pollinate", "pollination" na "pollinator". Ni familia mbili zenye watu walewale. Vivyo hivyo mvua za Desemba zinapoondoa udongo: maji yanamomonyoa, udongo unamomonyoka, jambo lenyewe ni mmomonyoko. Hapa Kiswahili ni makini zaidi, kwa sababu "erode" inabeba momonyoa na momonyoka bila kuzitenganisha, na msomaji inabidi aangalie sentensi nzima.

Vinapopotosha

Kiambishi tamati kinaonyesha aina ya neno kwa uhakika kuliko kinavyoonyesha maana. Karibu na mji wa Singida kuna miamba mikubwa ya graniti, na mwalimu wa Jiografia huitumia kueleza "weathering". Mwanafunzi anayejua "weather" ni hali ya hewa na "-ing" ni shughuli atapata jina lisilo na maana, kwa sababu jambo linaloelezwa ni kumeguka na kuoza kwa mwamba. "Vegetation" nayo inaishia kama "irrigation", lakini ni uoto wenyewe. Si kitendo. "Hospitality" haina wagonjwa, na "hardly" inakaribia kuwa kinyume cha "hard".

Kuna pia miisho ya kughushi. "Corner" si mtu anayefanya jambo fulani, wala "sister". "Family" na "supply" zinaishia na "-ly" na si vielezi. "Friendly" ni kivumishi. "-er" yenyewe ina kazi mbili, ya mtenda katika "farmer" na ya kulinganisha katika "bigger". Kanuni za viambishi zinampa msomaji dhana ya kwanza, na sentensi ndiyo inayoithibitisha au kuikataa.

Upotoshaji mkubwa zaidi ni wa namna nyingine. Katika maandishi ya Kiingereza kuhusu Tanzania ya miaka ya 1970 kuna neno "villagization", lililotumika pia Kenya katika miaka ya 1950 wakati wa hali ya hatari. Limejengwa kwa kanuni, linasomeka, na limemficha mtenda. Nani alihamisha nani, kwa hiari au kwa nguvu, neno halisemi. Ukisema watu walihamishiwa vijijini, angalau kuna watu, na "-w-" ya kutendwa inakulazimisha kuuliza nani aliwahamisha. Kumfundisha mwanafunzi kuirudisha nomino ndefu kwenye kitenzi chake, kisha kuuliza mtenda ni nani, ni kumfundisha Historia yenyewe.

Kiswahili cha ofisini kimekwisha kuambukizwa tabia hiyo. Siku hizi hatuhamasishi, tunafanya uhamasishaji. Hatuboreshi, tunafanya uboreshaji. "U-" na "-ji" zinafanya katika ripoti zetu kazi ileile ya "-ization": kuonyesha kwamba jambo limefanyika bila kumtaja aliyelifanya.

Nani afundishe?

Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza kikabaki sekondari. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiendelee hadi sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi kilikuwa chini mno ya kiwango cha kusomea masomo yao, na kutokana na ripoti hiyo ukaja mradi wa kuimarisha ufundishaji wa lugha hiyo, uliosambaza vitabu vya kusoma.

Kusoma sana kunasaidia. Lakini hadithi nyepesi zina maneno mengi ya Kiingereza cha kale, mafupi, yenye viambishi vichache. Maneno yenye viambishi vingi yako katika Biolojia, Jiografia, Historia na Kemia, na walimu wa masomo hayo huamini kwamba lugha ni kazi ya mwenzao wa Kiingereza. Naye mwenzao hafundishi maneno yao.

Kemia inaonyesha hasara ya mgawanyo huo. "Sulphide" ni salfa iliyoungana na elementi nyingine bila oksijeni. "Sulphite" ina atomu tatu za oksijeni. "Sulphate" ina nne. "Ethane", "ethene" na "ethyne" zinatofautiana kwa mwisho tu, na mwisho huo unaeleza kama atomu za kaboni zimeunganishwa kwa kifungo kimoja, viwili au vitatu. Mwanafunzi akikosea herufi moja hapo, amebadilisha kemikali. Hakuna mwalimu wa Kiingereza atakayemweleza jambo hilo.

Mabadiliko yanayohitajika ni madogo. Daftari la msamiati lipangwe kwa familia za maneno, "pollen" ikae na watoto wake wote, badala ya orodha ndefu ya maneno yasiyojuana. Kila mwalimu wa somo aligawe neno jipya ubaoni vipande vyake kabla hajalitafsiri. Na Kiswahili kiruhusiwe mlangoni. Mahali penye vibao vya kukataza Kiswahili, mwanafunzi anaambiwa aache nje chombo chake kikali kuliko vyote, kile kinachojua tayari tofauti ya choka na chosha na njia ya kutoka taifa hadi utaifishaji. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Msamiati wa kulinganisha nao upo.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa kisera na utaendelea kwa miaka. Mtihani wa kidato cha pili hausubiri mjadala huo, na umeandikwa kwa Kiingereza. Kuligawa neno ubaoni hakuhitaji waraka wa wizara wala bajeti. Kunahitaji mwalimu wa Kemia akubali kwamba "-ate" na "-ite" ni sehemu ya Kemia, na mwalimu wa Historia akubali kwamba "-ization" ni sehemu ya Historia. Wakikubali hilo, mzigo ambao mwalimu wa Kiingereza amebebeshwa peke yake kwa zaidi ya miaka hamsini utagawanywa kwa wanaopaswa kuubeba.